Mwalimu, nikiona mgeni nakimbilia jikoni

Wasomaji wangu wa kusini na wa kwingine mnaotusoma, habari za siku. Tangu tutangaze kwamba ukurasa huu unapokea maswali ya lugha, meseji zimeingia nyingi, na nyingi zinalia kilio kimoja kwa sauti tofauti, kwamba Kiingereza kipo kichwani ila mdomo haufunguki. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake tumo wengi.

*Shikamoo mwalimu. Mi ni binti wa miaka 24, niko Mikindani, nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja ya wageni hapahapa. Form Four Kiingereza nilipata C na nikisoma kitu naelewa, hata muvi naangalia bila mtu kunitafsiria. Shida ni kuongea. Mgeni akishuka tu kwenye bajaji na begi lake moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinatoka jasho, nakimbilia jikoni namwambia mwenzangu nenda we. Mwezi uliopita nikajikaza, mgeni mmoja wa kiume aliniuliza mke wake yuko wapi nikamjibu "he go to the beach", mwenzangu akacheka palepale mbele ya mgeni mpaka akashika meza, na toka siku hiyo pale kazini naitwa "he go". Bosi kasema msimu ujao wa mapokezi lazima awe anaongea la sivyo atatafuta mwingine. Nifanyeje mwalimu, au kuna watu lugha hawajaandikiwa tu?*
*Binti wa Mikindani*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikifika kwenye hiyo "he go" roho inaniuma, maana najua kicheko cha namna hiyo kinakaa mwilini muda gani.

Nianze na hili, Kiingereza unacho. Mtu mwenye C ya Form Four anayeangalia muvi akaelewa hajakosa lugha. Kilichokufunga kipo kwenye barua yako mwenyewe, soma tena, uliogopa ndio lakini siku ile ulijikaza ukafungua mdomo, na kilichofuata kikawa kicheko, sasa mwili wako umeshajifunza kwamba kufungua mdomo ni kuaibika na ndo maana jasho linatoka kabla hata mgeni hajasema "hello". Mwaka 1986 watafiti watatu wa Marekani, Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope, waliandaa dodoso la sentensi 33 la kupima hofu ya wanafunzi kwenye darasa la lugha ya kigeni, na wakaielezea hofu hiyo kwa sura tatu: hofu ya kuongea na watu, hofu ya mtihani, na hofu ya kuhukumiwa vibaya na wengine. Angalia vizuri hizo tatu. Hakuna hata moja inayohusu kukosa misamiati. Na wanafunzi waliowaangalia walikuwa Wamarekani wa chuo kikuu wanaojifunza lugha za watu kama Kispanyola, tena wenyewe wana vitabu na kila kitu, na jasho lilikuwa linawatoka kama wewe. Kwa hiyo hilo la kuandikiwa au kutoandikiwa lifute kichwani leo.

Sasa hiyo "he". Kiswahili chetu hakijali kama mtu ni mke au mume. "Ameenda ufukweni" inaweza kuwa bibi yako, inaweza kuwa diwani, inaweza kuwa paka. Miaka yote 24 ubongo wako haujawahi kuwa na sababu ya kujiuliza jinsia ya mtu kabla ya kusema kitenzi, halafu siku moja mbele ya mgeni unautaka ujiulize kwa nusu sekunde huku moyo unadunda, utachapia tu. Wanachapia maprofesa. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka mingi na nikichoka jioni bado huwa namwita shangazi yangu "he". Dawa yake ni ndogo, chukua picha ya familia kwenye simu, kila usiku dakika tano gusa sura moja moja huku unasema kwa sauti, she is my aunt, she lives in Masasi, he is my uncle, he sells fish. Kwa sauti, sio moyoni. Na ukiwa kazini ukijiona unababaika ikwepe kabisa, sema "your wife", sema "the driver", sema "madam in room three", hakuna sheria inayokulazimisha utumie he na she. Halafu kuna kitu kimoja hukukiandika ila mi nakiona: mgeni alielewa. Alijua mke wake yuko ufukweni.

Ngoja nikwambie langu. Nilisoma sekondari mkoa wa Lindi, na shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba, ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa shingoni, na wewe unabaki ukitega masikio umkute mwingine anakosea umvalishe yeye. Siku moja nilikaa nacho toka asubuhi mpaka jioni kwa sababu niliamua kutoongea kabisa, nilijua nikisema Kiswahili ni kosa na nikisema Kiingereza nitachapia wanicheke, kwa hiyo nikanyamaza. Nikanyamaza karibu mwaka mzima. Walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mtulivu. Mi sikuwa mtulivu, nilikuwa na soni imenijaa mpaka kooni.

Aliyenifungua mdomo ni bibi yangu ambaye Kiingereza hakujua hata neno moja. Likizo nilikuwa namsaidia kubangua korosho uani, akaona nina kitabu akasema nisomee. Nikamwambia bibi hutaelewa, akasema kwani we unaposikiliza redio ya Kireno unaelewa, soma tu nisikie sauti yako. Basi nikawa nasoma, yeye anabangua, nikikosea hajui, nikirudia sentensi hajui, nikibadilisha neno hajui, anaitikia "enhee" kama nahadithia habari za kijijini. Likizo ile nilisoma vitabu viwili vizima kwa sauti. Niliporudi shule nilikuwa bado nakosea, tena sana, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kutoa yale maneno na masikio yangu yameshazoea kuyasikia yakitoka kwangu, na ile hofu ikawa imepungua nusu bila mimi kuishughulikia.

Kwa hiyo na wewe kabla ya mgeni tafuta bibi wa kubangua korosho. Anaweza kuwa mdogo wako wa chekechea, anaweza kuwa simu yako, jirekodi halafu usimtumie mtu, isikilize baada ya wiki. Cha msingi ni sehemu ambayo kicheko hakiwezi kufika, ukae hapo mpaka mdomo uchangamke, ndo utoke.

Cha kusoma kwa sauti usihangaike. Kazi yako ya mapokezi ina sentensi kama 20 hivi zinazojirudia kila siku ya Mungu, karibu, safari ilikuwaje, naomba pasi ya kusafiria, chumba chako ni hiki, chai ya asubuhi saa ngapi, maji ya moto yapo, bajaji ya kwenda mjini ni bei gani. Ziandike zote kwenye daftari, nenda kwa mtu unayemwamini akunyooshee, halafu zisome kwa sauti asubuhi na jioni mpaka zitoke zenyewe kama salamu. Na katika hizo 20 zipo tatu ambazo ningekuwa na uwezo ningekuchora mkononi: "One moment, please." "Could you say that again, please?" "Let me check for you." Hizi ndo zinakununulia muda. Mtu mwoga anadhani anatakiwa ajibu papo hapo kama bunduki, kumbe hata mwenye lugha yake huomba arudiwe, na mgeni akisikia "could you say that again" hakuoni mjinga, anapunguza mwendo na anarudia kwa maneno marahisi zaidi.

Kuhusu matamshi wewe mtu wa pwani una mtaji ambao hujauhesabu. Ile sauti ya "think" ni th ya thamani na thelathini. Ile ya "this" ni dh ya dhahabu na dhambi. Ile ya mwisho wa "sing" ni ng' ya ng'ombe na ya ming'oko tunayochimba huku. Mfaransa na Mjerumani wanahangaika na hizo th miaka na miaka, we umezikuta kwenye lugha yako. Kinachotusumbua sisi ni viwili hivi, kwanza irabu, Kiswahili zipo tano tu na Kiingereza zinafika kama 20 ukihesabu na zile zinazounganika, ndo maana "ship" na "sheep" kwetu zinatoka sawa. Pili ni kupenda kumalizia kila neno na irabu, "good" inakuwa gudi, "book" inakuwa buku. Hizo utazinyoosha taratibu na hata zisiponyooka zote utaeleweka. Lafudhi ya Kimakonde kwenye Kiingereza ni lafudhi kama lafudhi ya Kiskochi, inamwambia mtu unatoka wapi, basi.

Halafu nakushauri kitu ambacho hujaniuliza. Mgeni akishapumzika atauliza habari za mji, na hapo ndo utamteka. Andaa hadithi mbili tatu fupi za Mikindani. Lile Boma la Wajerumani lilijengwa 1895. David Livingstone alipita hapo 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, hakurudi tena Uingereza akiwa hai. Huko mbele Msimbati na Mnazi Bay kuna hifadhi ya bahari mpaka mdomo wa mto Ruvuma, imetangazwa mwaka 2000. Hadithi moja sentensi nne, za Kiingereza rahisi. Ukiongea kitu ambacho wewe unakijua na mgeni hakijui, mizani inageuka, yeye ndo mwanafunzi na wewe ndo mwalimu, na nimeona kwa macho yangu mabinti waliokuwa wanatetemeka kwenye "how are you" wakisimulia habari za mji wao dakika kumi bila kusimama.

Tena wageni wengi wanaokuja huko hawajazaliwa na Kiingereza. Mjerumani, Mholanzi, Mtaliano, nao walikaa darasani wakachekwa. Wanachapia mbele yako ila kwa kuwa unaogopa husikii.

Angalizo dogo hapo. Mgeni akijikwaa ukasema "sorry" kwa maana ya pole atashangaa, atakwambia mbona sio kosa lako, usishtuke, kwao sorry mara nyingi ni ya kuomba msamaha na hawana neno kama pole yetu. Mwambie "are you okay?" inatosha. Na ukitoka mara moja usimwambie "I'm coming" kwa maana ya nakuja sasa hivi, atakaa anakusubiri mlangoni huku wewe unaondoka, sema "I'll be right back".

Mwenzako aliyecheka naomba uongee naye. Sio mbele za watu, mkiwa wawili mnafua au mnapika, mwambie dada siku ile uliniumiza na toka hapo nashindwa kazi, naomba usiniite hivyo tena na nikikosea nirekebishe tukishakuwa peke yetu. Wengi wanaocheka hivyo wanacheka kwa sababu na wao wanaogopa zamu yao. Akiendelea, mwambie bosi, kwa sababu anayetaka mtu wa mapokezi aongee hawezi kuruhusu mapokezi pageuke sehemu ya kuchekana.

Na hela zako usipeleke kwa wale wanaobandika matangazo ya kuongea Kiingereza kwa siku 30. Mdomo haufunguki kwa ahadi. BBC Learning English ina masomo ya bure kwenye simu, na wenyewe walianza kufundisha kwa redio toka 1943, sikiliza dakika kumi kwa siku halafu rudia kwa sauti unachosikia, bando dogo tu linatosha.

*Mwalimu shikamoo. Mimi nipo Form One shule ya kata huku Newala. Darasa la saba nilipata A ya Hisabati na Sayansi. Sasa hivi kila somo ni Kiingereza na sielewi hata mwalimu wa Biology anasema nini. Wiki mbili zilizopita niliambiwa nisome nikasoma "knife" nikasema kenaifu darasa zima likacheka. Sasa sinyooshi tena mkono hata kwenye Hesabu ambayo naijua. Je nimekuwa mjinga?*
*Mwanafunzi, Newala*

Marahaba mjukuu wangu, na asante kwa kuandika, umeandika vizuri sana.

Hujawa mjinga. Umevushwa mto kwa siku moja. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule zetu za msingi toka 1967, sekondari inafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwaka jana ulikuwa unajifunza kwa lugha ya nyumbani na Januari ukakuta mlango umefungwa na funguo ni ya lugha nyingine. Ile kozi ya wiki za mwanzo mliyopewa inasaidia ila haitoshi, mi nasema hivyo wazi na nimesema hivyo miaka yote nilipokuwa kazini. Mtoto aliyepata A ya Sayansi hawezi kuipoteza sayansi kwa mwezi mmoja. Ipo, imekosa tu jina jipya.

Na hiyo k ya "knife" nikwambie siri ambayo wenzako waliocheka hawaijui. Zamani sana Waingereza wenyewe walikuwa wanaitamka hiyo k. William Caxton alianzisha mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ya maneno mengi ikaanza kuganda, halafu karne zilizofuata watu wakaacha kutamka k kwenye knife na knee lakini kwenye maandishi ikabaki palepale. Kwa hiyo ulisoma kilichoandikwa, kama Kiswahili kilivyokufundisha, na Kiswahili kinasema ukweli, kikiandika k unatamka k. Kiingereza hakiaminiki kwa macho, kwa hiyo kila neno jipya lisikie kwanza kwa mtu ndo ulisome.

Fanya hivi. Daftari moja dogo, kila siku maneno matano ya masomo yako, upande huu Kiingereza upande huu maana yake kwa Kiswahili, maana sayansi uliyosoma msingi inakusubiri hapo, "root" ni mzizi, "leaf" ni jani, "heart" ni moyo, unayajua yote hayo. Halafu watafute wenzako wawili ambao nao wamenyamaza, wapo, angalia wanaoinamisha kichwa mwalimu akitafuta wa kumchagua. Baada ya vipindi kaeni chini ya mkorosho msomeane ukurasa mmoja kwa sauti kwa zamu, sharti moja tu, atakayecheka ndo anasoma aya mbili zinazofuata. Na darasani anza na swali badala ya jibu, nyoosha mkono mara moja kwa siku useme "Sir, what is the meaning of this word?" Swali halikosewi, na ukishasikia sauti yako darasani mara tano sita utaona hata jibu linatoka.

Hapo jirani yenu Masasi, kijiji cha Lupaso, mwaka 1938 alizaliwa mtoto ambaye hakuzaliwa na Kiingereza mdomoni kama wewe. Akaja kusoma Kiingereza chenyewe Makerere akamaliza shahada 1962, akawa mhariri wa magazeti, akawa balozi, akawa Rais wa nchi hii, mzee Benjamin Mkapa. Sikuambii uwe rais. Nakuambia kwamba njia ya kutoka huku kwetu mpaka kwenye hiyo lugha imeshapitwa, nyayo zipo.

Na mwalimu wako akisoma hapa, ndugu yangu mwalimu, wakicheka usipite kimya. Sekunde tano za kusema "darasani kwangu hatuchekani" zinaokoa mtoto miaka minne.

*Mwalimu habari yako. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Lindi mjini, nauza vitenge. Nimeanza kujifunza Kiingereza pamoja na mwanangu wa darasa la tatu ili nimsaidie. Majirani wakisikia wanasema najifanya mzungu, mpaka nimeanza kunong'ona ndani kwangu mwenyewe. Niache?*
*Mama Muuza Vitenge*

Usiache mama. Wala usinong'one, mtoto akikuona unanong'ona atajua hiki ni kitu cha aibu.

Ila tuwe wakweli, watu wetu wana macho, ukimsalimia jirani kwa Kiingereza wakati hajui ni kumtenga na hapo wana haki ya kuchukia. Nje salimia kwa Kiswahili, au kwa Kimwera kama ndo lugha yenu, na ndani fanya masomo na mtoto kwa sauti ya kawaida. Mwambie yule jirani wa karibu kabisa, mi na mwanangu tunafanya homuweki, leta na wako. Akimleta, maneno yameisha. Na lugha ya nyumbani usimnyang'anye mtoto ili aingize Kiingereza, kichwa cha mtoto kina nafasi ya zote, wewe mwenyewe mpaka sasa unaongea mbili bila kuchanganyikiwa.

Kwa kuanzia mwonyeshe maneno ambayo Kiswahili kilishayachukua kwa Mwingereza tukayavalisha nguo zetu: shati, soksi, blanketi, kabati, tiketi, baiskeli, benki. Mtafutane nayo hapo ndani, mnashika kitu mnasema jina la huku na la kule, mtacheka wote wawili na kicheko hicho ni kizuri.

*Mwalimu salamu. Mimi ni baba wa miaka 46, nafanya kazi bandarini hapa Mtwara miaka kumi na tano sasa, kazi zangu zote najua. Nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu, ina maana meli ikija mimi ndo naongea na watu wa meli. Elimu yangu darasa la saba. Kuna vijana chini yangu wana diploma, naona aibu kuchapia mbele yao. Umri huu bado inawezekana kweli?*
*Baba wa Chikongola*

Salama kaka yangu, na hongera kwa cheo.

Inawezekana, na nitakupa sababu za kazini kwako. Meli zinazofunga gati hapo mabaharia wake wanatoka nchi nyingi, Ufilipino, Uhindi, Ukraine na kwingine, kila mmoja na lugha ya mama yake. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawaelewani mpaka ajali zinatokea, ndo maana Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2001 likapitisha orodha ya misemo maalum ya Kiingereza cha baharini, mifupi, rahisi, isiyo na mbwembwe. Kiingereza cha kazi yako kwa hiyo ni kidogo kuliko unavyoogopa, na kimefanywa kidogo makusudi. Mtu hajasikia haelezi sana, anasema "Say again". Na namba wanazitaja tarakimu moja moja, 15 ni "one-five", 50 ni "five-zero", kwa sababu "fifteen" na "fifty" zinachanganya kila mtu duniani sio wewe peke yako. Hiyo ianze kesho, kwenye mizigo namba ikikosewa mtu anaumia.

Umri una ukweli wake, lafudhi ya mtu aliyejifunza ukubwani haiondoki kirahisi. Lakini maneno ya kazi mtu mzima anayashika haraka kwa sababu kitu chenyewe anakijua. Kijana mwenye diploma anajua neno "sling", ile kamba ya kunyanyulia mzigo, ila hajawahi kuifunga, wewe umezifunga miaka kumi na tano, unahitaji jina lake tu.

Na kuna baharia mmoja napenda sana kumtaja kwa watu wa bandari. Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa 1857. Alipofika Uingereza mara ya kwanza 1878 alikuwa na miaka 20 na Kiingereza alikuwa anajua kidogo sana, akajifunzia melini kwa mabaharia, 1886 akapata cheti cha unahodha cha Uingereza, na baadaye akaandika riwaya kwa Kiingereza zinazosomwa vyuo vikuu mpaka leo. Mpaka anakufa lafudhi yake ya Kipolandi ilikuwa nzito, waliomsikia walisema hivyo.

Hao vijana wako usishindane nao. Mchague mmoja mwenye adabu, mwambie mwanangu mi nitakufundisha winchi na wewe unifundishe maneno, kila zamu matatu. Wewe ndo mkubwa hapo, ukiomba kufundishwa hushuki, na yule kijana atakuheshimu zaidi kwa sababu na yeye kuna vitu anaona aibu kukuuliza. Neno jipya liandike kwenye kidaftari cha mfuko wa shati kama linavyosikika masikioni kwako, kwa herufi za Kiswahili, tahajia ya kizungu achana nayo kwanza. Halafu lipigie kelele ukiwa kazini, upepo wa bandari na mitambo vinafunika kila kitu, hakuna sehemu nzuri ya kuchapia kwa sauti kama hapo.

Minada ya korosho inaanza Oktoba na meli za mzigo zinafuata. Maneno matatu kwa zamu mpaka wakati huo ni mengi. Meli ya kwanza ya msimu ikishafunga gati naomba uniandikie, uniambie nahodha katoka nchi gani na ni neno lipi ilibidi yeye ndo akwambie "say again".